Kuwalinda nyuki wa visiwani: mwongozo kwa asiye na mzinga

Ukimsikia mtu analalamika kwamba maboga yake yanatoa vitoto, vinafika ukubwa wa kidole gumba kisha vinageuka manjano na kudondoka, usikimbilie kumshauri mbolea. Muulize kwanza kama asubuhi anaona nyuki shambani kwake. Maboga, matango na matikiti yana maua ya kiume na ya kike mbalimbali, na ua la kike halizai mpaka liletewe chavua kutoka kwenye la kiume. Anayeileta kwa kawaida ni nyuki. Asipokuja, ua linafunga kabla ya adhuhuri, na hicho kitoto kilichokuwa chini yake ndiyo basi tena.

Mizinga nimeiweka mwisho wa mwongozo huu, tena kwa ufupi. Wengi wanaotaka kuwasaidia nyuki hudhani kazi inaanzia huko, ilhali nyuki wengi wa Unguja na Pemba wanaishi bila mzinga wowote: kwenye mapango ya mawe huko maweni, kwenye mashimo ya miembe mikongwe, kwenye dari za nyumba za watu. Wanachohitaji kwetu kwanza ni tusiwaue ovyo. Hilo analiweza mkulima wa bondeni, analiweza mama mwenye mrihani uani, analiweza hata mpangaji wa Michenzani anayekaa ghorofa ya juu.

1. Mjue unayetaka kumlinda

Sisi huita nyuki kila kinachovuma na kuchoma. Matokeo yake, nyuki analipizwa makosa ya dondora.

Nyuki wa asali ni mdogo, wa rangi ya kahawia yenye mistari, ana manyoya mafupi kifuani, na akitoka shambani miguu yake ya nyuma mara nyingi imebeba vidonge vya chavua. Dondora ana kiuno chembamba sana na mwili unaong'aa, na huuning'iniza mji wake chini ya paa au pembeni mwa dirisha. Dondora anaweza kukuchoma mara nyingi akaenda zake. Nyuki wa asali akimchoma mtu, mwiba wenye vijino kama vya ndoana hunasa kwenye ngozi, yeye hujikwanyua na kufa. Ndiyo maana hachomi bila sababu. Akiwa kwenye ua yuko kazini, na ukimpisha hana habari na wewe.

Yupo pia yule mkubwa mweusi anayetoboa boriti ya banda na kumwaga unga wa mbao chini. Watu humwona mharibifu, lakini kama unapanda pasheni, huyo ndiye mchavushaji wako mkuu, kwa sababu ua la pasheni ni kubwa mno kwa nyuki wa kawaida. Mwachie kipande cha gogo kikavu pembeni ya shamba, atapunguza kuzisumbua boriti. Na wapo nyuki wadogo wasiochoma, wanaopita kwenye kijibomba cha nta kilichochomoza kwenye ufa wa ukuta au mti. Asali yao ni nyepesi na ina uchachu. Usiuzibe ule ufa.

Nyuki wetu wa asali ni wa jamii ya pwani ya Afrika Mashariki, wanasayansi humwita Apis mellifera litorea. Ni wachapakazi, wepesi wa kukasirika, na wepesi zaidi wa kuhama. Sifa hiyo ya mwisho ikumbuke. Ndiyo inayoeleza kwa nini kundi lililokuwepo mwaka jana huenda mwaka huu halipo, bila mtu kuwafanya chochote kikubwa.

2. Amka mapema uwatazame

Hatua hii haigharimu kitu, na ndiyo inayorukwa zaidi. Chagua siku isiyo na mvua, nenda kwenye maboga au matango jua likianza kutoka. Ua la kiume limesimama juu ya kikonyo chembamba kirefu. La kike limekalia kiboga kidogo kabisa, huwezi kulikosa. Kaa pembeni, usiwazibie njia. Nyuki akitumbukia ndani ya ua la kiume hutoka amepakwa unga wa manjano mwili mzima, husimama kidogo kwenye ukingo wa ua, akajipangusa kwa miguu ya mbele, akasukuma ule unga nyuma mpaka ukawa kidonge kwenye paja. Kila anachosahau kujipangusa ndicho kinachofika kwenye ua la kike. Mavuno yako yanategemea uzembe huo mdogo.

Ua moja la kike linahitaji kutembelewa mara nyingi, si mara moja. Tango lililopinda na kusinyaa upande mmoja mara nyingi ni lile lililopata chavua pungufu. Ukikaa robo saa huoni nyuki hata mmoja, asubuhi mbili tatu mfululizo, una tatizo. Kwa dharura, chuma ua la kiume, ondoa majani yake ya manjano, kisha pakaza kile kijiti cha katikati ndani ya ua la kike. Utavuna, lakini utajua pia ni kazi ya namna gani uliyokuwa unafanyiwa bure.

Anayetaka kuliona hilo kwa ukubwa wake na aende kwenye shamba la viungo huko Kizimbani akaulize habari za vanila. Mmea huo umetoka Mexico, na wachavushaji wake wa asili hawakuja nao. Mwaka 1841, kwenye kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius aligundua namna ya kulichavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole gumba. Mpaka leo wakulima wa vanila hupita mche kwa mche, ua kwa ua, na kila ua hufunguka asubuhi moja tu. Fikiria maisha yetu kama maboga, matikiti na michungwa yangetaka kushughulikiwa hivyo.

Na nyuki anayetufanyia kazi hiyo haishi sana. Nyuki kibarua msimu wa maua huishi wiki sita hivi, na katika uhai wake wote asali anayoiacha ni kama sehemu moja ya kumi na mbili ya kijiko cha chai.

3. Jua wanakula wapi

Mgeni akiona Pemba imejaa mikarafuu hudhani nyuki wake wanaogelea kwenye mbochi, yale maji matamu ya ua, wa karafuu. Sivyo. Karafuu tunaichuma ingali tumba. Ikishachanua imeshapoteza bei. Kwa hiyo mkarafuu uliochumwa vizuri haumwachii nyuki kitu kikubwa, isipokuwa matawi ya juu ambayo mchumaji hakuyafikia, na miti iliyokosa wachumaji. Nyuki wanaishi kwa mimea mingine, na mingi yake hatuihesabu kuwa ya maana.

Mnazi ndio nguzo. Unatoa kole jipya la maua karibu kila mwezi, kaskazi na kusi, kwa hiyo miti mingine ikinyamaza, mnazi bado una kitu. Miembe, michungwa, mindimu, mizambarau na mikwaju hutoa kwa msimu. Halafu kuna mikoko.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mikoko tunaiona kuni na boriti tu. Mchu, ule wenye majani yenye chumvi kwa chini na vipumulio vilivyochomoza topeni, hutoa vikonyo vya maua madogo ya manjano yenye harufu tamu, na nyuki huyavamia. Wafugaji wanaoweka mizinga kandokando ya mikoko hawakukosea. Huko hakuna anayepulizia dawa, na maua hayangoji mvua kama ya shambani. Eneo la Jozani na Ghuba ya Chwaka, lililofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, lina vyote viwili karibu karibu: msitu wa juu na mikoko ya pwani. Kwa Pemba, msitu wa Ngezi nao una hazina yake.

Basi ukitaka kuwalisha nyuki, kabla ya kupanda mti mpya, acha uliopo. Mikoko ya Zanzibar ni msitu wa hifadhi na haikatwi bila ruhusa ya Idara ya Misitu. Ukikiona kijiji chako kinakata michu kwa ajili ya tanuri la chokaa, lipeleke kwa sheha na kamati ya uhifadhi. Ukifyeka shamba la maweni, bakisha ukanda wa vichaka mpakani badala ya kufagia mpaka kwenye jiwe la jirani. Magugu yenye maua, yale tunayoyang'oa kwa hasira, ndiyo chakula cha nyuki kati ya msimu na msimu. Palilia kwenye mistari ya mazao, uache pembezoni.

Uani, panda mrihani. Jamaa wa Michenzani, ndoo mbili kwenye baraza zinatosha. Ila tunao mtindo wa kukata kila kichwa cha mrihani kinapochanua ili majani yazidi; kata vichache, kimoja kiache kichanue. Nyuki watakuja hata ghorofani.

4. Wawekee maji

Kaskazi ikipamba moto, nyuki hutafuta maji ya kunywa na ya kupozea mji wao. Wakikosa huja kwenye mabomba, kwenye ndoo za mama lishe na kwenye hodhi la msikitini, hapo ndipo ugomvi unapoanza. Weka sinia pana lenye maji, tandika ndani vipande vya vifuu au kokoto zilizochomoza juu ya maji ili wapate pa kusimama, maana hawajui kuogelea. Liweke kivulini, mbali na njia, na usiliache likauke. Wakishaizoea sehemu huirudia. Badilisha maji kila siku mbili tatu, usije ukawa unafuga mbu.

5. Dawa za shambani

Nyuki hana mipaka ya shamba. Huruka kilomita mbili hadi tatu kutafuta chakula, na akibidi huenda mbali zaidi, hivyo dawa ya mtu mmoja bondeni inafika kwenye makundi ya shehia nzima. Hatua hii ndiyo yenye faida ya haraka kuliko zote, na haimnyimi mkulima chochote.

Kwanza hakikisha una mdudu wa kumpulizia. Wapo wanaopiga dawa kwa ratiba, kila Jumamosi, mdudu awepo asiwepo. Geuza majani, tazama kwa macho. Wadudu wachache wanaweza kuokotwa kwa mkono au kufukuzwa kwa maji ya sabuni.

Ikibidi kupiga, piga jua likielekea kuzama au baada ya Magharibi. Maua ya maboga na matango yameshafunga, nyuki wamesharudi kwao, na dawa nyingi za maji zitakuwa zimekauka mpaka alfajiri. Kupiga saa tatu asubuhi, maua yakiwa wazi, ni kuwaua nyuki wako na kuyaua mavuno yako kwa mkono mmoja. Usipige miti iliyochanua, uwe mwembe au mchungwa. Subiri maua yadondoke. Dawa ya unga iogope kuliko ya maji, maana hung'ang'ania manyoya na nyuki huibeba hadi kwao pamoja na chavua, wakalishwa majana, yaani watoto wa nyuki walio ndani ya masega.

Soma lebo. Ukiona imidaklopridi, klothianidini au thiamethoksamu, jua ni dawa zinazoingia ndani ya mmea na kutokea hata kwenye chavua na mbochi, kwa hiyo kupiga jioni hakutoshi. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2018 kuzizuia hizo tatu zisitumike nje, zibaki kwenye nyumba maalumu za kuoteshea tu. Muulize muuzaji dawa mbadala. Akikuuzia kitu kilichomiminwa kwenye chupa ya maji, kisicho na lebo, kiache hapo hapo dukani; hiyo ni hatari kwa watoto wako kabla hata hatujafika kwa nyuki. Na bomba la dawa lisisuuzwe mtoni wala kwenye dimbwi wanapokunywa.

Ukiwa na jirani mfugaji, mwambie siku moja kabla. Atafunga milango ya mizinga yake usiku, au angalau atajua.

6. Bumba likitua kwako

Siku moja utatoka nje ukute rundo la nyuki limening'inia kwenye tawi la mpera, limeshikamana kimya, kubwa kuliko kichwa cha mtu. Hiyo ni safari. Sehemu ya kundi imeuacha mji wake ikiwa pamoja na malkia, imesimama kupumzika wakati watafutaji wake wanakagua mahali pa kuhamia. Hawana masega wala majana ya kulinda, na wameshiba asali waliyoibeba njiani. Wakati huo ni wapole kuliko utakavyowakuta tena, na mara nyingi huondoka baada ya saa chache au siku chache.

La kufanya ni kidogo. Ingiza watoto ndani. Fungua kamba za mbuzi na ng'ombe uwapeleke mbali, na kuku wenye vifaranga wafungie banda jingine; mnyama aliyefungwa kamba ndiye anayeuawa na nyuki, kwa sababu hana pa kukimbilia. Kisha usifanye kitu. Usirushe mawe, usiwashe makuti chini yao, usiwapulizie dawa ya mbu ya kopo. Ukimjua mfugaji, mpigie; bumba lililotulia ni tunu kwake, atakuja na sanduku alichukue.

Kundi lililokwishajenga darini ni jambo jingine. Hao wana nyumba sasa, na watailinda. Surat An-Nahl imeyataja makazi ya nyuki kuwa ni milimani, mitini na katika vile wanavyojenga watu, kwa hiyo tusishangae sana wakichagua paa letu. Kama wako juu, mbali na mlango, na hawajamgusa mtu, unaweza kuishi nao. Kama wako juu ya madrasa, skuli au chumba cha mgonjwa, inabidi wahamishwe, na kazi hiyo ni ya mfugaji mwenye mavazi na bomba la moshi, jioni, siyo ya kijana shujaa wa mtaa mwenye mwenge. Sheha atakuelekeza, au ofisi ya misitu ya wilaya.

Anayedhani kuwatilia sumu ni njia ya mkato na ajue kinachofuata. Nyuki wakifa, hakuna wa kuyapepea masega. Joto la mabati huyayeyusha, asali hutiririka ukutani, majana yananuka, chungu, yaani sisimizi, na nondo wanajaa, na nyuki wa makundi mengine huja kuiba ile asali yenye sumu na kuipeleka kwao. Wakishahamishwa kwa njia nzuri, masega yote yatolewe, pale pasuguliwe na tundu lizibwe. Harufu ya nta ya zamani inaita bumba jipya.

7. Ukichomwa

Ng'oa mwiba mara moja, kwa ukucha au kwa chochote kilicho karibu. Usipoteze muda kutafuta njia bora, kwa sababu kifuko kilichobaki na mwiba kinaendelea kusukuma sumu. Haraka ndiyo muhimu. Na ung'oe huku ukiondoka hapo, kabla ya mambo mengine yote. Nyuki anapochoma hutoa harufu ya kuwaita wenzake, na harufu hiyo ina kemikali iliyomo pia kwenye ndizi mbivu. Ukiunusa mji wa nyuki waliochokozwa, utadhani kuna mkungu wa ndizi umeiva karibu. Kwa hiyo usiende kwa nyuki na ndizi mkononi wala ukiwa umetoka kuila, na pafyumu iache nyumbani.

Wakikufuata, funika uso kwa khanga au shati na kimbia moja kwa moja mpaka ndani ya nyumba au gari. Usijirushe majini, watakusubiri juu. Ukishasalimika, osha kwa maji na sabuni, weka kitu cha baridi. Uvimbe wa pale palipochomwa ni wa kawaida. Lakini midomo au ulimi vikivimba, pumzi ikibana, mwili ukitoka vipele kila mahali au mtu akiona kizunguzungu, ni mzio, na hospitali ni sasa hivi, hata kama ni mchomo mmoja. Aliyechomwa mara nyingi, hasa mtoto au mzee, naye apelekwe hata kama anasema yuko sawa.

8. Kurina asali bila kuua

Nasema wazi: kurina kwa mwenge wa makuti ni kuchinja ng'ombe ili unywe maziwa. Moto huunguza mbawa za vibarua, hummaliza malkia, na kiangazi cha kaskazi cheche moja huondoka na vichaka vyote vya maweni. Mrinaji anapata ndoo ya asali yenye majivu, na mwakani lile pango ni tupu.

Moshi unafanya kazi bila moto kwa sababu mbili. Unafunika ile harufu ya kuitana vitani, na unawafanya nyuki wadhani kuna hatari, hivyo wanashughulika kujaza matumbo asali badala ya kupigana. Makumbi ya nazi makavu ndiyo bora visiwani: huwaka polepole na kutoa moshi mzito, wa baridi. Yajaze kwenye bomba la moshi, uujaribu moshi kwenye kiganja chako. Ukikuunguza, hata nyuki utawaunguza. Plastiki, vipande vya tairi na matambara yenye mafuta ya taa havifai, na ladha yake inabaki kwenye asali.

Enda jioni. Puliza moshi mlangoni mara chache, subiri, kisha fungua. Kata masega yaliyofunikwa nta nyeupe pekee. Hayo ndiyo yaliyokomaa. Yale ambayo vyumba vyake viko wazi yana maji mengi na yatachacha. Masega yenye vifuniko vya kahawia yamebeba majana, na hayo usiyaguse kabisa. Hata kama malkia ameumia katika shughuli, vibarua wakibakiwa na mayai na majana machanga wanaweza kumlea mwingine. Toka yai mpaka malkia mpya kutoka ni siku 16 tu. Ukiyakamua majana pamoja na asali, umewanyima hata nafasi hiyo. Waachie pia asali ya kutosha, hasa ukiwa unarina kabla ya mvua kubwa za masika ambazo huwafungia ndani siku nyingi.

9. Nunua kwa aliyerina vizuri

Mnunuzi ndiye anayeamua asali irinwe vipi. Tukiendelea kununua chochote kilichomo kwenye chupa, wa mwenge na wa moshi wanalipwa sawa.

Yale majaribio ya mtaani, ya kuchovya kiberiti kwenye asali kisha ukiwashe, au kuidondosha kwenye maji uone kama inazama, yanakuonyesha zaidi uzito wake na kiasi cha maji. Sharubati ya sukari iliyopikwa ikawa nzito hufaulu vizuri tu. Asali iliyoganda chengachenga nayo si lazima iwe imetiwa sukari. Asali halisi nyingi huganda. Bora umuulize muuzaji: imerinwa wapi, mwezi gani, na nani, kwa moto au kwa moshi? Anayejua atakujibu bila kufikiri. Ionje. Ikiwa na ladha ya moshi mkali, majivu au uchungu wa majana yaliyokamuliwa, iache na umwambie kwa nini unaiacha. Povu juu na harufu ya kuchacha maana yake ilirinwa haijakomaa. Asali iliyokomaa maji yake hayazidi asilimia 20.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali, hata ile ya kumpaka ulimini. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo utumbo wake bado hauwezi kuvizuia.

10. Kama bado unataka mzinga

Nenda kwanza kwa mfugaji, uvae mavazi, usimame mbele ya mzinga uliofunguliwa. Wengine hapo ndipo wanapojua kwamba jambo hili si lao, na ni afadhali wajue kabla ya kulipa fundi seremala.

Anayeanza ningempa mzinga wa viunzi vya juu: sanduku refu lenye pao zilizopangwa juu, kila pao linabeba sega moja, unalinyanyua, unaangalia, unalirudisha. Upana wa pao ndio siri ya kazi. Kwa nyuki wetu ni milimita 32. Fundi akikosea, masega yatashikana na kila ukifungua utayapasua. Pitisha mstari wa nta chini ya kila pao ili wajue pa kuanzia.

Uweke kivulini, mlango ukielekea mbali na njia, mbali kabisa na nyumba, skuli na mifugo. Nyuki hawa si wa uani. Ukiuning'iniza kwa waya, au ukiusimamisha kwa miguu iliyopakwa grisi, wale chungu wakali waitwao maji moto na chungu wengine watapata tabu kufika. Usiwanunue nyuki. Mabumba yanapotembea, mzinga unaonuka nta utapata wapangaji wenyewe.

Ukikaa mtupu msimu mzima, ufungue, utoe buibui na nondo, upake nta upya, kisha uhamishe hatua chache karibu na mikoko au minazi inayochanua. Wakija wakakaa miezi kisha wakahama, kagua kwanza maji, chungu na jua la mchana, na uulize majirani walipiga dawa lini.